Propela ya Juu ya Pipa la Mtama

Musoma, 11 Februari 2024

Mjomba wangu Silasi,

Shikamoo. Nakuamkia kwa karatasi kwa sababu kwa simu utaniitikia "haloo, haloo" mpaka muda wa maongezi uishe, na masikio yako hayatakuwa yamesikia kitu. Hapa Musoma sisi wazima. Mume wangu Stanislausi anakusalimu, na anauliza kama ulipalilia pamba au uliiachia majani. Goti la Mama Esther wako linaendeleaje?

Butiama pia wazima, ila kuna neno. Helena, mke wa mdogo wangu Jofrey, anatarajia kujifungua mwezi wa tano. Jofrey alisema akiwa wa kiume ataitwa Machage, jina la baba yetu, kama desturi ilivyo kwa mjukuu wa kwanza wa kiume. Baba mkubwa Mwandu akakataa mbele ya watu. Akasema, "Jina hilo lilizama ziwani na watu watatu, na pesa ya oili ya injini ilikuwa imenywewa pombe kilabuni. Tuliache hukohuko." Jofrey alitoka nje akalia, mtu mzima na ndevu zake. Mama alikuwepo, hakufungua mdomo. Huu ni mwaka wa kumi na tatu, Mjomba, na baba bado anaitwa Mnywa Oili.

Sasa nije kwenye lililonishikisha kalamu. Mhandisi mmoja wa mradi wa maji, aliyekuwa akipima sampuli zake kwenye maabara ya shule ninayofundisha, mkataba wake umeisha, akaniachia boksi. Nilipolifungua nilishtuka. Ndani mna boti ya mchezo, ndefu kama mkono wangu kuanzia begani, na ina injini ya kweli: pistoni, kabureta, ekzosi, vyote. Injini yenyewe inaenea kwenye kiganja. Inatumia spiriti iliyochanganywa na kemikali ya naitro, na oili iko humohumo. Unasimama nchi kavu na rimoti, yenyewe inakwenda huko na kurudi. Kitabu chake kinasema inazunguka mara elfu ishirini na tano kwa dakika.

Mkuu wa shule anataka niionyeshe siku ya wazazi. Tatizo ni propela. Zimo nne za shaba, za mapanga mawili mawili, zimeandikwa 40, 42, 45 na 47, ambazo ni milimita. Nifunge ipi? Wewe ulifunga propela za boti ufukweni Mwigobero miaka ishirini na mbili. Nisaidie.

Mpwa wako,
Bhoke

*

Bunda, 20 Februari 2024

Mama yangu mdogo Bhoke,

Marahaba. Una jina la mama aliyenizaa, kwa hiyo nikikugombeza ujue nagombeza kwa heshima. Mwambie Stanislausi pamba nilipalilia mara mbili, aje aone mwenyewe badala ya kukaa mjini anauliza. Goti la Mama Esther linamsumbua asubuhi, likipata jua linatulia. Ng'ombe mwekundu amezaa dume.

Barua yako nimeisoma mara tatu nimesimama, ya nne nikakaa. Elfu ishirini na tano kwa dakika! Bhoke, una hakika hukuongeza sifuri? Injini ya HP 15, mnyama aliyevusha watu na magunia, ikifika elfu tano na mia tano sisi mafundi tulikuwa tunasogea nyuma. Mama Esther aliniona nimeshika kichwa akadhani umeniletea habari ya msiba.

Halafu inakunywa spiriti! Hayo mafuta yafungie kwenye kabati lenye kufuli leo hii. Ni sumu, yanapofusha na yanaua, na wapo watu wakiona neno spiriti hawaulizi swali la pili.

Kuhusu propela. Hiyo namba ni upana wa duara inalochora ikizunguka. Kubwa inakamata maji mengi, na kila mzunguko inaisukuma boti mbali zaidi, ndiyo maana watu huipenda. Lakini anayezungusha ni injini. Mfunge ng'ombe mmoja plau la ng'ombe wanne: hatua kumi za kwanza atavuta vizuri na watu watashangilia, ya kumi na moja atapiga magoti. Kwa hiyo 47 usiiguse. Nimesema usiiguse.

Tena propela mpya hizo ndogo huwa hazijanolewa wala kusawazishwa. Panga moja likizidi uzito, kwa mwendo huo itatikisa boti mpaka skrubu zing'oke. Zitie zote nne kwenye kopo la kakao, mpe kondakta wa basi la asubuhi, mwambie ni za Silasi kiziwi wa Bunda. Ananijua.

Nakuombea uzima,
Mjomba wako Silasi

*

Musoma, 3 Machi 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo tena, na hongera ya ndama. Sisi wazima, ila mvua imebomoa ukuta wa choo cha shule. Helena miguu imeanza kuvimba, Mama anamkanda kwa maji ya moto.

Propela nne nakutumia humu, lakini usinipige. Kabla sijazipeleka stendi nilijaribu ile 47. Nilikwenda na Stanislausi pembeni ya Mwigobero, pale maji yanapotulia. Mjomba, ilitoka kama jiwe la kombeo! Wachuuzi wa dagaa waliacha kugeuza dagaa zao wakasimama kutazama. Dakika moja ilikuwa raha tupu. Dakika ya pili sauti ikaanza kuwa nzito. Yale maji ya kupoza injini, yanayotoka kwenye tundu la pembeni, yakaanza kutoka na mvuke. Halafu ikazima katikati ya maji, na upepo ukaanza kuibeba. Tulimwomba mvuvi mmoja akaifuata kwa kasia. Nilipoishika ilikuwa ya moto, na plagi imeungua waya wake.

Nimeeleza yote bila kuficha ili unielekeze vizuri.

Hukunijibu kuhusu jina la baba. Nilidhani utasema neno, maana mlikuwa mashemeji mnaokula sahani moja.

Bhoke

*

Bunda, 12 Machi 2024

Bhoke,

Marahaba. Wazima. Pamba inaendelea.

Nilikukataza 47! Niliandika mara mbili kwenye karatasi moja! Nimeshtuka, utaona kwenye mwandiko. Mvuke kwenye tundu la pembeni ni injini inaomba msaada. Ukiona mvuke unazima hapohapo, husubiri, humwambii mtu baadaye.

Nakurudishia propela tatu. Nimezinoa kwa tupa ndogo, na nimezisawazisha juu ya sindano ya kushonea magunia, panga hili na hili sasa uzito mmoja. Zishike kwa kitambaa, zinakata. Hiyo 47 sirudishi. Nimeiweka juu ya fuawe nikaipiga nyundo mpaka ikawa bamba. Mama Esther alikuja kunishika mkono.

Sasa sikiliza namna ya kuchagua. Usichague kwa boti tupu. Boti tupu inadanganya, itakwambia propela yoyote ni nzuri. Tafuta mfuko wa mchanga, nusu kilo hivi, uweke katikati ya boti, ndipo upime. Endesha mpaka tenki liishe, uguse injini. Ukiweza kuweka kidole na kuhesabu mpaka tatu, propela hiyo ni yako.

Mambo ya majina ni ya wazee wa Butiama. Mimi ni mjomba tu.

Silasi

*

Musoma, 24 Machi 2024

Mjomba wangu Silasi,

Shikamoo. Sisi wazima kabisa, na choo kimepata ukuta. Nimekutumia dawa ya kuchua goti la Mama Esther, imo kwenye kopo.

Nimefanya ulivyosema, nimeandika na daftarini. Ile 45 niliiacha, nimejifunza adabu. Boti ikiwa tupu, 42 iliiacha 40 mbali sana. Ningepima hivyo tu ningeifunga 42 na kujisifu kwa wazazi. Nilipoweka mchanga, 42 ilikwenda mizunguko mitano, wa sita ikaanza sauti nzito, nikaizima. Ile 40, ndogo isiyovutia, ilibeba mchanga bila haraka mpaka tenki likaisha. Nikaweka kidole, nikahesabu moja, mbili, tatu. Kwa hiyo ni 40. Asante. Umenifundisha kitu ambacho kitabu chake hakina.

Nina swali moja la kifundi. Injini ikinoki, pistoni ikakamatana na silinda, kwa kukosa oili, na nyingine ikinoki kwa sababu imebebeshwa propela inayoizidi nguvu, ukizifungua utazitofautishaje? Nakuuliza wewe kwa sababu hapa sina mwingine wa kumuuliza.

Nasubiri majibu yako,
Bhoke

*

Musoma, 26 Mei 2024

Mjomba,

Shikamoo. Ni miezi miwili hujaandika. Nilimuuliza kondakta, akasema, "Kiziwi yupo, namuonaga stendi, ila nikimuonyesha kopo anageuka anaenda." Kwa hiyo najua mzima.

Helena alijifungua tarehe 22. Ni mwanamume, kilo tatu na nusu, ana paji la uso la baba. Baba mkubwa Mwandu anataka aitwe jina la babu mwingine, Jofrey hataki kusikia. Mtoto hana jina, wanamwita Mgeni. Mama anambeba kutwa.

Sasa niseme la kwangu, maana kuzunguka kumenichosha.

Humu nimeweka karatasi niliyoilaza juu ya chuma nikaisugua kwa penseli mpaka alama ikatokea. Tafadhali kaa kabla hujaifunua. Krismasi nilikuwa Butiama, Mama akanituma nikachote mtama. Juu ya mfuniko wa pipa kuna chuma kilichofungwa kwenye kitenge kuukuu, cha kuukandamiza panya wasiingie. Nimekiona miaka yote, sijawahi kukifungua. Siku hiyo kitenge kilichanika. Ni propela, Mjomba. Ya boti ya baba. Panga moja limeungwa kwa kulehemu, na yote matatu yamepigwa nyundo kuongezwa mkunjo ili yakamate maji mengi zaidi. Kitovuni kuna alama imekatwa kwa tupa: mikato miwili na tundu moja. Mimi ni mtoto wa Pelagia, naijua. Ndiyo alama ya sikio la ng'ombe wa kwenu. Ulikuwa ukiikata kwenye kila propela unayoitengeneza, ulinionyesha mwenyewe nikiwa mdogo, ukaniambia, "Hata ikiibwa mpaka Ukerewe nitaijua ni ya mkono wangu."

Nilikaa chini kwenye vumbi la mtama. Sikuweza hata kuchota.

Boti ya mhandisi ni ya kweli, sikudanganya hapo. Lakini propela ningeweza kuchagua mwenyewe. Na ile 47 niliifunga makusudi, nikakueleza mvuke makusudi. Nilitaka useme wewe mwenyewe, kabla sijakuuliza. Sasa nimekuuliza.

Bhoke

*

Bunda, 2 Juni 2024

Bhoke, mama yangu,

Sitakuamkia vizuri leo. Sina uso wa kuamkia mtu.

Karatasi yako niliifunua shambani. Sikukaa kama ulivyoniambia, nikajikuta nimekaa. Mama Esther alinikuta katikati ya pamba nimeikumbatia kofia. Kwa miaka yote hii nilijua propela ile iko chini ya ziwa. Nilikuwa namshukuru Mungu kwamba iko chini ya ziwa. Kumbe iko nyumbani kwa dada yangu, juu ya pipa la mtama.

Andika haya, au usiandike, lakini ujue.

Oktoba 2011 propela ya baba yako iligonga jiwe Mugango, panga likakatika. Akaniletea Mwigobero. Unajua wenye boti walivyokuwa wakishindana kufikisha samaki, anayefika wa kwanza ndiye anayechaguliwa na wanunuzi. Akaniambia, "Shemeji, ukishailehemu niongezee mkunjo, nataka iume maji. Nimechoka kuonaga migongo ya wenzangu." Mimi nilikuwa fundi mwenye sifa na nilipenda sifa. Nikapiga nyundo. Tukaenda kupima, yeye na mimi, boti tupu. Bhoke, tuliruka! Tulicheka kama watoto. Tukazipita boti zote. Nikakata alama yangu kitovuni palepale.

Alhamisi akarudi. Akasema, "Ikibeba mzigo inachemka, pembeni inatoa mvuke." Nilipaswa kuifungua saa ileile, nilijua maana yake. Lakini nilikuwa nimevaa suti, nakwenda harusini Kiabakari. Nikamwambia, "Jumatatu, shemeji. Nenda nayo polepole." Jumamosi akapakia watu na samaki Mugango, injini ikazima katikati ya ziwa, mawimbi yakaipindua boti. Unajua kilichobaki.

Hilo silo baya zaidi. Kwenye msiba, vijana wa Mwigobero walileta uani injini waliyoitoa majini, haina propela, wakaifungua mbele ya wanaume. Pistoni imekamatana na silinda. Mmoja akasema, "Hii haikuwekwa oili." Wote wakanigeukia mimi, fundi. Mwandu akaniuliza, "Silasi, ni oili?" Ulitaka kujua zinatofautishwaje. Nilikuwa najua. Oili ilikuwepo, mkono wangu uliigusa mle ndani, ililoanisha vidole. Nikavifuta kwenye suruali. Nikaitikia kwa kichwa. Sikusema neno, niliinamisha kichwa mara moja tu, na baba yako akawa Mnywa Oili mpaka leo.

Mwaka uliofuata nikaacha ufundi. Watu wanadhani ni masikio.

Sina cha kuomba.

Silasi

*

Musoma, 7 Juni 2024

Mjomba,

Nimeisoma barua yako maabara, wanafunzi wamekwenda chakula. Nilikuwa nimejiandaa. Tangu Krismasi nimejiandaa. Propela nilikuwa nimekwisha kuisamehe, kila fundi hukosea na baba ndiye aliyeomba mkunjo. Lakini kichwa ulichoinamisha sikukitegemea. Nilisimama nikashika meza, nikaangusha bika mbili. Ulivifuta kwenye suruali! Oili ya baba!

Mimi nilikuwa na miaka kumi na minane. Shuleni waliniuliza kama nyumbani tunakunywa oili na chai. Ulikuwa ukija wakati wa likizo, unaniletea madaftari, unaniangalia usoni.

Sijui nikuite nani leo. Nakwambia tu kwamba tarehe 15, Jumamosi, Baba mkubwa Mwandu ameita watu Butiama mtoto apewe jina. Mimi sitasema kitu. Karatasi yako nitaiacha mkobani. Kama utakuja, uje useme kwa mdomo wako, mahali palepale ulipoinamisha kichwa.

Bhoke

*

Bunda, 17 Juni 2024

Bhoke,

Nilikuja, uliniona. Mwenyewe sikuamini miguu yangu.

Nakuandikia nikuage. Wewe ulikuwepo, ulisikia yote. Mimi unajua sikusikia. Mama yako Pelagia alipoleta ile propela nikaipokea mikononi nilishtuka kwa uzito wake, nilikuwa nimeusahau. Nikasema kila kitu, harusi, mvuke, oili vidoleni, kichwa. Najua nikisema napaza sauti kama nagombana, mnisamehe, siisikii. Nilipomaliza niliona midomo yao inakwenda. Niliona Mwandu ameinuka. Hakuniangalia. Alinipa mgongo akaenda zake, na wazee wengine wakainuka. Nikaelewa. Mtu hahitaji masikio kuelewa mgongo.

Nilitoka kwa nyuma, nikapata bodaboda mpaka barabara kubwa. Nilipofika nyumbani ndipo nilipojiona nimeishika propela bado. Hata kuiacha sikukumbuka.

Sitakuja tena Butiama. Pelagia namwogopa kuliko wote, mwambie hivyo. Mtoto msimwite jina la mtu wa kwetu.

Ile 40 ikianza kutikisika uinoe kwa tupa laini, upande wa nyuma tu.

Silasi

*

Musoma, 20 Juni 2024

Mjomba wangu Silasi,

Shikamoo. Narudi kukuamkia, na uitikie.

Barua yako imenishtua mpaka nikapiga kelele, Stanislausi akatoka bafuni na povu kichwani. Ulikuwa umekwenda kabla ya neno lenyewe! Tulikutafuta. Jofrey alikimbia mpaka barabarani akauliza watu, wakamwambia mzee mmoja mwenye chuma kifuani amepita na bodaboda analia. Sasa kaa, na safari hii ukae kweli, nikwambie ulichokiona na hukukisikia.

Ulipomaliza, Baba mkubwa Mwandu alikuwa ameinamia fimbo yake. Kisha akasema, nanukuu kama alivyosema: "Miaka kumi na tatu nimemtukanaga ndugu yangu, na yeye hana mdomo wa kunijibu. Nipeni huyo mtoto." Ndipo alipoinuka. Hukuwa unapewa mgongo, Mjomba. Alikuwa anakwenda chumbani kwa Helena. Alimtoa mtoto kwenye titi, hajamaliza hata kunyonya, akamleta uani anapiga mayowe, mzee na mtoto wote wanalia. Akamwinua juu, akaita, "Machage! Machage! Machage!" Wale wazee uliowaona wanainuka walikuwa wanamfuata, na ndio walioitikia.

Halafu akaangalia pale ulipokuwa umesimama. Akauliza, "Mjomba mtu yuko wapi? Nina maneno naye." Ni kweli ana maneno na wewe, na si mazuri yote. Anasema utakuja kusimama pia mbele ya nyumba za wale wawili wengine waliokufa na baba, useme kama ulivyosema kwetu, na yeye atakwenda pamoja nawe kwa sababu huwezi kusikia watakachokujibu.

Lakini siyo hilo lililoniangusha mimi. Mtu mmoja alianza kusema nyumba ya akina Silasi itengwe. Mama akasimama. Unamjua Mama, hasimamagi mbele ya wanaume. Akasema, "Basi mnitenge na mimi. Nilijuaga. Vijana walioitoa injini majini waliniletea propela siku ya pili ya msiba, nikaona masikio ya ng'ombe wa kwetu. Nikajua kaka yangu ameigusa, na sikumsikia akisema ameigusa. Mume alikuwa ameshaenda. Kaka nilikuwa naye mmoja tu. Nikaifunga kitenge."

Mjomba, alijua! Kila siku ya Mungu alikuwa akiinua propela hiyo kwa mikono miwili ili achote mtama wa kutupikia, kisha anairudisha. Alisikia baba akiitwa jina lile sokoni, kanisani, na akanyamaza kwa ajili yako. Nilimkasirikia kuliko nilivyokukasirikia wewe. Siku tatu sikuweza kumpigia. Jana nilimpigia, nikamuuliza kwa nini hakuniambia hata mimi. Akasema, "Ningekwambia ungemchukia, na wewe una jina la mama yake." Nikakata simu nikalia, halafu nikapiga tena.

Siku ya wazazi ilikuwa juzi. Boti imekwenda na mchanga wake mizunguko kumi na moja, wazazi wamepiga makofi, na mimi nimeweka kidole nikahesabu mpaka tatu. Machage anaongezeka uzito, ana sauti ambayo hata wewe utaisikia.

Mama ana ujumbe, na nimemwahidi nitauandika bila kuongeza neno. Anasema umeondoka na kitu chake. Pipa sasa halina cha kukandamizia mfuniko, na panya wameanza kuingia kwenye mtama. Anasema uirudishe, na uilete mwenyewe, usimpe kondakta.

Mpwa wako na mama yako mdogo,
Bhoke